Kupanda Gombe kwa siku moja kutokea Kigoma mjini: anza na ziwa, mlima utafuata

Wengi wetu hapa Kigoma tumekua na hili ziwa, tumekula dagaa na migebuka yake toka utotoni, ila ukiuliza nani amewahi kupanda vile vilima vya Gombe, hifadhi yetu ya taifa yenye sokwe, akasimama juu akaliangalia Tanganyika lote likiwa chini yake, utapata watu wachache sana. Wengine wanaamini ile ni sehemu ya wazungu wenye dola. Sio kweli jamani. Mtanzania analipa kiingilio kwa shilingi na ni kidogo mno ukilinganisha na anacholipa mgeni wa nje, kinachokula hela kwenye hii safari ni boti, na boti mkijikusanya watu kadhaa inalipika bila mtu kuumia. Kwahiyo nimeweka hapa jinsi ya kuipanga hatua kwa hatua, kwa aliyeko Kigoma na hata anayekuja na treni kutoka Tabora.

Kabla ya yote elewa kitu kimoja maana ndo kinapanga siku yako nzima. Gombe haina barabara. Iko kama kilomita 16 kaskazini mwa Kigoma mjini, unaingia kwa maji na unatoka kwa maji, kwahiyo anayeamua uanze saa ngapi na ushuke mlimani saa ngapi ni ziwa, sio wewe wala miguu yako. Watu wanapanga safari kwa kuhesabu masaa ya kupanda tu alafu wanashangaa jioni mwenye boti anawaambia tulale hapa hapa maji yamechafuka. Panga kinyume nyume: anza na saa ya kuondoka ufukweni kurudi, ndo uhesabu kurudi nyuma.

Hatua ya kwanza, chagua mwezi

Kiangazi, kuanzia Juni mpaka kama Septemba hivi, njia ni kavu, mito midogo inavukika vizuri, na watu wengi wanakuja kipindi hicho. Shida yake ni mbili. Upepo wa kusini unavuma sana miezi hiyo na unaleta mawimbi, na wewe wakati wa kurudi unaelekea kusini yaani unayapokea mawimbi usoni. Ya pili ni moshi na vumbi, watu wanachoma mashamba huku na ng'ambo, ikifika Agosti unaweza kufika juu kabisa usiione Kongo hata kidogo, ni ukungu mweupe tu.

Masika, kuanzia Novemba hadi Aprili, hewa inasafishwa na mvua, ukipata asubuhi isiyo na mawingu utaona milima ya Kongo ng'ambo kule mstari wake wote. Sokwe nao kipindi cha mvua hawatembei mbali sana kwahiyo mara nyingi wanapatikana kirahisi, na mvua za mwanzo zile za Novemba ndo msimu wa kumbikumbi, unaweza kubahatika kumuona sokwe anachokoa kichuguu kwa kijiti. Ila njia zinateleza kweli, na radi za mchana ziwani sio kitu cha kuchezea.

Mimi ukiniuliza nitakwambia mwisho wa Mei na Juni mwanzoni. Mvua imekata, moshi haujaanza, majani bado mabichi.

Hatua ya pili, watu na boti

Kuna boti za mbao zinazobeba abiria kutoka Kibirizi kwenda vijiji vya kaskazini kama Mwamgongo, zinapita Gombe na nauli yake ni ndogo. Hizo ni nzuri kwa anayelala. Kwa safari ya siku moja hazikufai, maana kwa kawaida zinatoka Kibirizi mchana baada ya watu kumaliza mambo ya sokoni, na zinarudi mjini asubuhi, kwahiyo ukipanda hiyo umeshakubali kulala Gombe hata usiku mmoja. Na zinaenda polepole, masaa mawili mpaka matatu kutegemea na mzigo na maji.

Kwa siku moja unahitaji boti ya kukodi, ile yenye injini nzuri inakufikisha ndani ya saa moja hivi. Tafuta wenzako, ofisini, kanisani, msikitini, kwenye grupu la mtaa, mkigawana bei inakaa sawa. Ukienda kuongea na mwenye boti usianze na bei. Muulize laifu jaketi anazo ngapi, aoneshe, uzihesabu, kila mtu awe na yake na ikae mwilini sio chini ya benchi. Muulize kama chombo kimekaguliwa na TASAC, wale wa serikali wanaosimamia usalama wa vyombo vya majini. Muulize ana injini ya akiba au angalau mafuta ya ziada, na kama ana turubai. Ndo mshike bei, na mkubaliane wazi kwamba anawasubiri Gombe mpaka mtakaposhuka, sio anawashusha anaondoka kutafuta abiria wengine. Nusu ya hela mpe asubuhi, nusu mkirudi, na mwambie hivyo mapema ili asione kama hamumuamini. Na akisema leo hatuendi maji mabaya, hatuendi. Usimbembeleze, usimuongezee hela. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470, duniani linashindwa na Baikal la Urusi peke yake, na wanaolijua vizuri ndo wanaoliheshimu.

Hatua ya tatu, hifadhi na malipo

Gombe iko chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Wasiliana nao siku kadhaa kabla, waambie mko wangapi, mnakuja tarehe gani, Watanzania wangapi na wageni wangapi, na kwamba mnataka kupanda pamoja na kuona sokwe. Malipo yanaenda kwa kontroo namba, ile namba ya kulipia serikalini, hakuna kubeba burungutu la hela mkononi ukalipe getini, kwahiyo maliza hili ukiwa bado mjini ambako mtandao unashika. Kuna kiingilio, kuna ada ya muongoza watalii, omba wakuchambulie kila kitu. Beba kitambulisho cha NIDA au pasi, bila hicho utajikuta unabishana kuhusu uraia wako.

Muongoza watalii ni lazima, huruhusiwi kutembea mwenyewe mule, na hata ingekuwa ruhusa nisingekushauri. Hao ndugu zetu wanaijua misitu ile bonde kwa bonde na wanamjua kila sokwe kwa jina na mama yake. Hiyo elimu haikuja jana. Jane Goodall, yule Mwingereza mtafiti wa sokwe, alifika pale Julai 1960, akiwa na mama yake maana serikali ya wakati ule haikukubali binti akae porini peke yake, na dunia nzima inalijua jina lake mpaka alipofariki Oktoba 2025. Ila walioamka alfajiri kila siku kuwafuata sokwe miaka na miaka ni vijana wa hapa hapa kandokando ya ziwa, watu kama mzee Hilali Matama, na wanaokuongoza leo wamerithi kazi hiyo. Waulize maswali. Watu wanalipa hela alafu wanatembea kimya wamevaa spika masikioni, inaniuma kuona.

Ukiwa na mafua, kikohozi, homa, kuharisha, ahirisha safari. Hili silisemi kwa utani kabisa. Sokwe wanashika magonjwa yetu kirahisi mno kwa sababu damu zetu ziko karibu, na kinachotupita sisi kwa siku tatu kinaweza kumuua yeye na mtoto wake. Mwaka 1966 polio iliwapiga pale Gombe, wengine wakafa wengine wakapooza mikono na miguu, na miaka iliyofuata mafua makali yameua wengine. Wako wachache na hifadhi yenyewe ni ndogo, haifiki kilomita za mraba 60, hawana pa kukimbilia.

Na watoto wadogo waacheni nyumbani. Uliza hifadhi umri unaoruhusiwa kuingia msituni maana wanausimamia kweli. Mwaka 2002 sokwe dume mmoja mkubwa, Frodo, alimnyakua mtoto mdogo aliyekuwa amebebwa mule ndani na mtoto akafariki. Sokwe anawinda mbega, ana nguvu nyingi sana, sio wa kumpelekea mtoto akamchezee.

Hatua ya nne, begi

Nguo: suruali ndefu nyepesi, shati la mikono mirefu, rangi zilizopoa. Viatu viwe na meno chini, raba za kukimbilia barabarani zenye soli laini zinakuangusha kwenye miteremko ya Gombe hata wakati wa kiangazi, maana udongo ukikauka unakuwa na changarawe inayoviringika chini ya mguu. Soksi ndefu uchomekee suruali ndani, kuna siafu, na siafu akishapanda ndani ya suruali hakuna heshima tena. Beba pia kandambili za kushukia kwenye boti maana mara nyingi unashuka majini mpaka magotini.

Maji angalau lita mbili kila mtu, tatu ni bora. Barakoa mbili, moja ikilowa jasho uwe na nyingine. Koti la mvua hata kiangazi, la kukukinga na maji ya ziwa. Simu iwe na chaji kamili na uifunge kwenye mfuko usiopitisha maji.

Chakula hapa nitakaa kidogo. Usibebe ndizi. Nyani wa ufukweni Gombe wanaijua ndizi na wanaijua sauti ya mfuko ukifunguliwa, watakuja, na hawaji kuomba. Chapati, mayai ya kuchemsha, mgebuka wa kukaanga ndani ya kontena lenye mfuniko unaobana, inatosha sana na inavumilia joto. Huli njiani wala mbele ya sokwe, unakula ndani ya jengo pale kambini mlango ukiwa umefungwa. Na kila ganda la yai, kila mfupa, kila mfuko unarudi nao Kigoma mjini, mana mabaki yenye mate yako ni njia nyingine ya kuwapa wanyama ugonjwa.

Hatua ya tano, asubuhi

Wageni kutoka Dar hili linawachanganya: Kigoma jua linachelewa. Saa 12 asubuhi bado giza, kunakucha vizuri karibu saa 1. Kwahiyo lengo ni kuwa ufukweni saa 12 na nusu, mizigo imeshapakiwa, na boti iachie tu pale unapoanza kuona vizuri. Muda huo ziwa mara nyingi limetulia, wavuvi wa dagaa ndo wanarudi na taa zao, na unapata saa nzima ya maji laini. Kaeni karibu na nyuma ya boti kama mnaogopa kurushwa. Anayetapika atumie dawa nusu saa kabla, na ale kitu kidogo, tumbo tupu linazidisha.

Ukiwa njiani angalia upande wa kulia. Vilima vya vijiji utaona mihogo, michikichi, nyumba, sehemu nyingi hazina miti kabisa, alafu ghafla msitu unaanza. Hapo ndo mpaka. Kuanzia 1994 kuna mradi wa TACARE ambao taasisi ya Jane Goodall imeufanya na vijiji kurudisha miti na kutenga misitu ya vijiji, na sehemu nyingine utaona miti imeanza kufunika tena. Waambie mlio nao waangalie, ni somo ambalo halihitaji mwalimu.

Hatua ya sita, Kasekela

Mnashukia Kasekela, ndo sehemu hifadhi inapopokelea wageni. Mnajiandikisha, mnaoneshwa malipo, mnapewa maelezo. Sikilizeni maelezo hata kama mmeshayasikia. Mwambie muongozaji ukweli kuhusu afya: presha, pumu, goti bovu, ujauzito. Sio aibu. Anapanga njia kulingana na wewe, na kuna wafuatiliaji wameshaingia msituni toka asubuhi wanatoa taarifa sokwe wako bonde gani, kwahiyo anajua kama leo ni safari ya nusu saa au ya kupanda masaa matatu.

Hapo hapo mwambieni saa ya mwisho ya kuwa ufukweni. Mimi nashauri saa 9 alasiri boti iwe inaondoka, wakati wa mvua hata mapema zaidi kama mawingu yanajenga. Muongozaji na nahodha wakubaliane wao wawili mbele yenu.

Hatua ya saba, kupanda

Mnafuata bonde la Kakombe. Mwanzo ni msitu mnene, kivuli, mto unasikika, michikichi humo imo na sokwe wanapenda sana tunda lake kama sisi tunavyopenda mawese. Kuna mbula pia, zikiwa zimeiva utazisikia harufu kabla hujaziona. Tembea hatua fupi. Makosa ya vijana ni kukimbia dakika ishirini za kwanza kisha wanakaa kila kona, mwenye kasi ndogo isiyokatika anafika kabla yao na anafika ana pumzi. Anayetembea taratibu kuliko wote awe wa pili nyuma ya muongozaji, msimwache mkiani, akiwa mkiani kila akiwafikia nyie mmeshapumzika mnaondoka na yeye hapumziki kabisa.

Ukitoka msituni unaingia kwenye matuta ya nyasi na miti michache, hapo jua linakukuta na mwinuko unakuwa mkali kweli. Usishike nyasi kujivuta zinang'oka, shika mzizi au omba mkono. Kofia na maji vitumike hapa. Ukifika kwenye kile kilele wanachokiita cha Jane, alikokuwa anakaa na darubini yake miezi ile ya kwanza sokwe wanamkimbia, geuka uangalie. Ziwa linaanzia miguuni kwako na linaenda kusini mpaka unashindwa kuona mwisho, na haliishii hapo, lina urefu wa zaidi ya kilomita 650 kutoka Burundi mpaka Zambia. Kaeni hapo. Nusu saa nzima, msiharakishe kwa sababu mmeshapiga picha. Kwangu mimi hii ndo sababu ya safari yote, na ndo maana nawaambia watu msipange Gombe kwa ajili ya sokwe peke yake, mkiwakosa mtarudi na huzuni wakati mmepita juu ya kitu kikubwa hivi.

Kama goti halitaki kilele, kuna maporomoko ya Kakombe chini huko bondeni, maji yanaanguka kama mita 25 kwenye ukuta wa mwamba, baridi yake unaisikia kabla hujafika. Njia yake ni rahisi zaidi, hata wazee wanafika. Sokwe madume wameonekana pale wakiyumba na kurusha mawe mbele ya maporomoko nywele zimesimama, watafiti wamelifikiria sana jambo hilo. Mwenye nguvu anaunganisha vyote viwili, kilele kwanza asubuhi kukiwa na ubaridi, maporomoko wakati wa kushuka.

Hatua ya nane, mkikutana na sokwe

Barakoa juu ya pua, sio kidevuni. Umbali mita 10 au zaidi, na wakisogea wao, nyie mnarudi nyuma. Mnapewa saa moja na mnakuwa kikundi kidogo. Hakuna flashi, hakuna kunyoosha mkono, hakuna kuiga sauti zao, hakuna kunywa maji wala kutema mate. Haja kubwa na ndogo mwambieni muongozaji mapema, msijiamulie.

Dume akianza kukimbia kuja upande wenu anaburuza matawi, usikimbie na usipige kelele. Sogea taratibu pembeni, shika mti uushikilie kwa nguvu, mwache apite. Mara nyingi anaonesha ubabe kwa wenzake, sio kwako, ila ukikimbia umejiingiza kwenye mambo yao.

Hatua ya tisa, kushuka na kurudi

Kushuka ndo watu wanaumia, magoti yamechoka na akili imeshafika ziwani. Omba fimbo, achaneni mita mbili mbili ili mmoja akiteleza asimzoe mwenzake. Kambini mnakula ndani. Nyani wakiwa ufukweni msipite katikati yao, msiwakodolee macho, begi likae mbele kifuani.

Kuoga watu wanauliza sana. Maji ya pale ni maangavu na yanavutia, ila kichocho kipo sehemu za ziwa hili, na kuna nyoka wa majini aina ya swila anayeishi kwenye mawe ya ufukweni, ana sumu ingawa hana kawaida ya kumfuata mtu. Muulize muongozaji sehemu gani na uoge hapo tu, usikae kwenye majani wala karibu na mdomo wa mto, na usitie mkono kwenye mianya ya mawe.

Muongozaji na wafuatiliaji mkiwa na chochote wapeni, mkononi kwao, mkiwashukuru kwa majina. Alafu laifu jaketi tena, vifungo vyote, simu ndani ya mfuko wake, koti la mvua mwilini maana sasa mnaelekea kusini na maji yatawarukia. Mpigieni mtu mmoja wa nyumbani mara tu mtandao ukishika mseme tumeondoka, na mkishuka mjini mpigieni tena. Kama nahodha anasema tusubiri kwanza upepo upungue, subirini, na kama anasema tulale, TANAPA wana nyumba za kulala hapo hapo Kasekela, kwahiyo kila mtu aondoke nyumbani na hela kidogo ya ziada na dawa zake za siku mbili.